Bango la Joan of Arc: Kuokoa Nchi na Kuweka Akiba

Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani, Wizara yake ya Fedha ilitoa bango lililochorwa na Haskell Coffin. Joan of Arc amevaa deraya ya chuma na kuinua upanga. Maandishi yanasema yeye aliiokoa Ufaransa. Basi wanawake wa Marekani nao waiokoe nchi yao kwa kununua stempu za akiba ya vita.

Kwa Kiingereza, neno moja hubeba maana ya kuokoa na ya kuweka akiba. Kiswahili huyatenganisha mambo hayo, na hivyo hutusaidia kuuona ujanja uliomo. Joan alishika upanga. Mwanamke wa 1918 alipewa kadi ya kubandikia stempu za senti 25.

Hatusemi kwamba akiba ni jambo baya. Kadi yenye stempu 16, pamoja na nyongeza ya senti chache, ilibadilishwa kwa stempu kubwa ya kulipwa dola 5 mwaka 1923. Swali letu ni la kisiasa: nani alijinyima, nani alinufaika, na nani aliamua? Mama wa nyumbani alihimizwa kubana matumizi ya jikoni. Mabepari wa silaha walivuna faida kubwa, hata Baraza la Seneti likaunda kamati ya uchunguzi mwaka 1934, chini ya Gerald Nye. Na wengi wa wanawake walioitwa kuiokoa nchi hawakuwa na kura. Katiba ilirekebishwa mwaka 1920 tu, na wanawake weusi wengi wa majimbo ya kusini waliendelea kuzuiwa hadi sheria ya 1965.

Mchoro wenyewe unaficha historia. Joan alikuwa binti wa mkulima. Mwaka 1429 alimwezesha Charles VII kuvikwa taji. Mwaka 1431 alichomwa moto mjini Rouen, na mfalme huyo hakumkomboa. Coffin, mchoraji wa majalada ya magazeti, amemgeuza kuwa mrembo asiye na tabaka, jasho wala majivu.

Funzo kwa makada ni wazi. Kabla ya kuandika bango la kuhimiza michango, tujiulize kama mwanamke tunayemwita alikuwamo katika kikao kilichoamua mchango huo. Kama hakuwamo, tumemchora shujaa ili tupate mkoba wake.