Neptune Frost: ngoma ikiwa shimoni

Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Cannes mwaka 2021, hutajwa kama filamu ya muziki. Mimi naihesabu filamu ya ngoma, na sisi wa Manyatta, kule Embu nchini Kenya, tuliokua tukiwatazama wapiga ngoma wa Chuka kwenye sherehe, tuna la kuchambua humo.

Matalusa, mchimba koltani wa Burundi, anampoteza nduguye Tekno mgodini, mikononi mwa mlinzi. Anatoroka. Anakutana na Neptune, mtoro mwenzake, na penzi lao linaota pale ambapo dola inawawinda.

Filamu nyingi za muziki husimamisha maisha ili wimbo uanze. Hapa sululu zinagonga mwamba, ngoma zinadaka pigo lilelile, sauti za wachimbaji zinapanda juu yake. Huwezi kuonesha ni wapi kazi imekoma na matanga yameanza. Wapigaji wenyewe wamo machimboni, si jukwaani. (Filamu ilipigwa picha Rwanda kwa sababu ya machafuko ya Burundi ya 2015, na Warundi waliokimbilia huko ni sehemu ya waigizaji wake.)

Uzeyman ndiye pia mpiga picha, na ngoma ya Kirundi inamrahisishia kazi: imesimama ardhini, mpigaji anaiendea, anaruka, anairudia. Kamera ina nguzo ya kuzunguka. Wachuka huibana ngoma mapajani na kutembea nayo. Atakayejaribu mbinu hii ya kuizunguka ngoma kwenye miteremko yetu ya majani chai hatakuwa na nguzo. Afadhali atulize kamera, awaache wapigaji waingie na kutoka kwenye fremu wapendavyo.

Ujasiri mkubwa zaidi ni Neptune kuchezwa na watu wawili: Elvis Ngabo, kisha Cheryl Isheja. Uso unabadilika, lakini mtazamaji hapotei, maana masimulizi ya Neptune na mdundo havikatiki. Mavazi ya Cedric Mizero, ya nyaya na vipande vya kompyuta, yanaongeza alama: koti la Matalusa lenye vitufe vya kibodi utalitambua hata kwenye mwanga hafifu.

Kasoro ipo, nayo iko kwenye penzi lenyewe. Wakishafika Digitaria, kijiji cha wadukuzi, hotuba zinajaa na miili inakaa kusikiliza. Wapenzi hawapewi muda wa kutosha wa kucheza wawili peke yao, hivyo msiba unapobisha, muziki unalazimika kulia kwa niaba ya miguu ambayo hatukuiona ikizoeana.