Sehemu Nzito Isiukwamishe Ukurasa

Nawastahi waandishi wa programu wanaojua kuugawa ukurasa. Sehemu za ukurasa mmoja hazilingani kasi: jina la mteja na salio lake hupatikana papo hapo, ilhali mchanganuo wa matumizi ya mwaka mzima huilazimu hifadhidata kupekua rekodi tele. Programu iliyoandikwa kwa mazoea hungoja vyote vikamilike ndipo itume chochote. Sehemu moja nzito huzikwamisha zote, na mteja hukodolea macho weupe mtupu.

Dawa ilianza kupatikana zamani. Mwaka 1999, Internet Explorer 5 ya Microsoft ilikuja na njia ya kuomba data kwa seva bila kuupakia ukurasa upya; mwaka 2005 Jesse James Garrett akaupa mtindo huo jina la Ajax. Ila kazi ninayoihusudu zaidi ni BigPipe, ambayo wahandisi wa Facebook waliitangaza mwaka 2010. Seva hutanguliza kiunzi cha ukurasa chenye nafasi wazi, kisha, ndani ya jibu lilelile, hupeleka kila kipande kinapoiva. Seva ikiwa bado inaandaa kipande cha tatu, kivinjari kinachora cha kwanza. Zamani mmoja alikaa bure mpaka mwenzake amalize! Wahandisi hao waliripoti kwamba muda wa kungoja, kama mtumiaji anavyouhisi, ulipungua kwa nusu katika vivinjari vingi.

Kukata vipande ni rahisi. Kujua pa kukata ndiko kugumu. Ukurasa ukikatwa ovyo, kila kipande na ombi lake, simu yenye mtandao hafifu itaelemewa na safari za kwenda na kurudi. Kitu alichokifuata mteja kitangulie, tena kifike pamoja na kiunzi.

Halafu kuna heshima ya nafasi. Kipande ambacho hakijafika kitengewe kimo chake mapema, la sivyo kikiingia kitasukuma vingine chini, na kidole kilicholenga “Ghairi” kitaangukia “Lipa”. Tangu 2020 Google huhesabu mirukoruko hiyo miongoni mwa vipimo vyake vikuu vya ubora wa kurasa, na mimi naona ilistahili kupimwa mapema zaidi.

Mchanganuo ukishindwa kufika, ushindwe peke yake: mahali pake paandikwe wazi kwamba haukupatikana, pawe na kitufe cha kujaribu tena, na aliyekuja kulipa bili aendelee kulipa.