Teke kwenye Boila

Mto Ulanga hauingii ziwani. Hapa Kibiti hilo halihitaji ramani: Ulanga, ambao wengi wanaujua kwa jina la Kilombero, unakutana na Luwegu, unazaliwa Rufiji, na Rufiji unakuja kujigawa kwenye mikoko yetu hadi baharini, mkabala na Mafia. Lakini kwenye The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanauteremka Ulanga kwa boti ya mvuke mpaka wanatokea ziwani, ambako kuna manowari ya Kijerumani wanayotaka kuilipua. Aliyeupindisha mto ni C. S. Forester, mwandishi wa riwaya yenyewe iliyotoka mwaka 1935. Huston naye akaenda kupiga picha Uganda, Murchison na Butiaba ya Ziwa Albert, na Kongo kwenye mto Ruiki. Vipande vya majini vilivyokuwa hatari kwa waigizaji vikapigwa studio, Uingereza.

Hata hivyo delta yetu imo humo kwa mlango wa nyuma. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha Rufiji mwaka 1914 baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake waliilipua wenyewe, baada ya kupigwa na Severn na Mersey, meli za Kiingereza zenye kina kifupi zilizoweza kupanda mtoni. Mizinga yake ikaopolewa na kutawanywa vitani. Mmoja ulifika Kigoma ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo ndiyo inayofanana zaidi na ile ya Forester, na ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Liemba. Kwa hiyo kijana wa Salale au Mbwera ana haki ya kuitazama filamu hii kama jambo linalomhusu.

Mimi naitazama kwa sababu nyingine. Watu huiita filamu ya mapenzi, wengine ya vita. Kwangu ni kichekesho, tena kichekesho cha kimya kilichovikwa maneno. Ushahidi upo kwa mtu aliyeiandika. Mchezo uliandikwa na Huston pamoja na James Agee, na Agee huyu ndiye mhakiki aliyechapisha kwenye jarida la Life, Septemba 1949, makala ndefu ya kuwasifu Charlie Chaplin, Buster Keaton, Harold Lloyd na Harry Langdon. Aliamini kwamba sinema ilipoanza kusema, uchekeshaji ulipungua. Mwaka mmoja hivi baadaye anapewa watu wawili, boti moja na mto. Angeandika nini?

Jaribu hivi: zima sauti, kisha tazama.

Anza na chai. Mchungaji Samuel na dada yake Rose (Hepburn) wamemkaribisha mezani Charlie Allnut (Bogart), fundi mlevi anayewaletea barua kwa boti yake. Tumbo la Charlie linanguruma. (Hapo, nakiri, sauti inahitajika, lakini ni sauti ya tumbo, siyo ya mtu.) Wenyeji wanajifanya hawakusikia. Linanguruma tena. Charlie anaomba radhi, anajieleza, anazidi kuharibu. Angalia Huston alivyoipanga: hakuna anayecheka mezani. Robert Morley, aliyeigiza Mchungaji, ananyanyua kikombe kana kwamba ni siku ya kawaida kabisa, na Hepburn anaongeza adabu kadiri tumbo linavyoongeza kelele. Kicheko chote kimeachiwa mtazamaji. Mchekeshaji wetu marehemu King Majuto aliijua siri hii: upuuzi ukichukuliwa kwa uzito wote, watu hoi. Waigizaji wetu wengi wa sasa wanaanza kucheka kabla yetu, na wanatumalizia utamu.

Halafu teke, Rose akiwa sasa ndani ya boti ya Charlie. Bomba la injini linaziba, mvuke unapanda, boila inakaribia kupasuka. Charlie anaruka kutoka tezi, anaipiga mateke, inatulia. Mara ya kwanza tunashtuka. Mara ya pili tunatabasamu. Rose anapouliza kwa nini asiitengeneze, Charlie anaeleza kwamba kuna bisibisi iliyodondokea ndani, na kwamba angeweza kuitoa, ila anapenda kuipiga teke kwa sababu hana kingine duniani. Hapo kichekesho kimegeuka kuwa maisha ya mtu, bila muziki wa huzuni wala machozi. Huyu ni mjukuu wa Keaton moja kwa moja. Kwenye The General ya mwaka 1926 Keaton ana garimoshi; kwenye The Navigator ya 1924 ana meli nzima; na kila mara mashine ndiyo mwigizaji mwenzake, ina hasira zake na huruma zake. Agee aliziona filamu hizo akakariri. Tofauti ni kwamba Keaton hakupewa nafasi ya kueleza kwa nini anaipenda mashine, na nadhani asingekubali.

Baada ya teke inakuja gini, na hapa ndipo naweza kuitetea hoja yangu mbele ya hakimu. Charlie amelewa usiku, amemtukana Rose. Asubuhi anaamka na kichwa kizito, anafumbua jicho, anamwona Rose ameketi wima, anafungua chupa moja moja na kumwaga mtoni. Kisha chupa tupu inafuata, inaelea. Rose hasemi neno. Mikono yake haina haraka. Charlie anagumia na kusihi, kama mtu anayeona jamaa zake wanasafirishwa. Mwongozaji mwingine angempa Rose hotuba ya ulevi na dini. Huston amempa kazi ya kufanya. Baadaye Rose anamnunia, na kununa huko kunamuumiza Charlie kuliko gini.

Hepburn mwenyewe alisimulia kwenye kitabu chake cha mwaka 1987 kwamba mwanzoni alimcheza Rose kwa ukavu mno, Huston akamwendea, akamwambia awe na lile tabasamu la Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, anapotembelea askari majeruhi hospitalini. Maelekezo mafupi, lakini ndiyo yaliyoiokoa filamu. Tabasamu hilo halisemi kwamba mtu ana furaha. Linasema mtu ameamua. Ukilijua, utaliona kila mahali: mbele ya ngome ya Wajerumani, kwenye maporomoko, hata shingoni kukiwa na kitanzi. Kumbuka pia kwamba Hepburn hakuwa mgeni wa vichekesho. Alikwishakimbizana na chui na Cary Grant kwenye Bringing Up Baby mwaka 1938. Huko alisema kwa kasi ya cherehani. Huku amefundishwa kunyamaza.

Ufinyu wa boti nao ulisaidia. Kamera ya rangi ya wakati ule, ya Technicolor, ilikuwa kubwa na nzito, na mpiga picha Jack Cardiff hakuwa na pa kuiweka ndani ya chombo kidogo kama kile. Wakajenga chelezo, wakaweka juu yake mfano wa boti, wakapiga picha kutoka huko. Matokeo yake ni kwamba mara nyingi tunawaona wote wawili ndani ya picha moja, huyu ameshika kana, yule yuko kwenye injini, na tunasoma nyuso mbili kwa pamoja. Kichekesho kinapenda hivyo. Ukikata picha kwenda uso mmoja, kisha mwingine, umeshamwambia mtazamaji acheke wapi.

Nije kwenye delta yao. Matete yamewazingira, maji ni haba, Charlie anashuka na kamba akaivute boti kama ng'ombe wa kukokota. Anapanda akiwa amejaa ruba, anatetemeka, Rose anamtia chumvi. Kisha anatazama maji. Boti bado imekwama. Anashuka tena. Bogart hajasema kitu, ila ule mguu unaorudi majini ndio ulimpa Oscar yake, kwa maoni yangu. Aliipata moja tu maisha yake yote, kwa filamu hii. Wanalala wakingoja kufa, Rose anasali, na kamera inapanda juu ya matete: ziwa liko pale pale, hatua chache. Sisi tunaona, wao hawaoni. Hakuna mstari wa maneno ambao ungeweza kufanya kazi hiyo. Kisha mvua inanyesha juu ya mto, maji yanajaa, boti inaelea yenyewe.

Mtu wa Nyamisati angecheka mahali pengine, bila shaka. Kwetu chombo kikikwama nahodha hashuki na kamba. Anawasha sigara, anasubiri maji yajae, saa sita nyingi. Sala ya Rose ingekuwa haina haja. Lakini Ulanga wa Forester unaishia ziwani, na ziwa halina kupwa na kujaa, kwa hiyo nakubali: kosa la jiografia limewapa kipande chao bora.

Kuna kichekesho kimoja ambacho sikicheki. Mwanzoni, kanisani, waumini Waafrika wanapiga kelele badala ya kuimba, na Charlie anapotupa sigara yake wanaume wanaipigania hadi ibada inavurugika. Kiufundi kimepangwa vizuri, mwendo wake ni sahihi. Tatizo ni kwamba watu hao hawana sura. Ni kelele na mikono. Kanuni iliyotumika mezani kwenye chai, ya kumpa kila mtu heshima yake ili aibu iwe na uzito, imesahaulika pale pale inapowafika wao. Shout at the Devil ya mwaka 1976, ambayo kisa chake kinaegemea kile cha meli iliyojificha Rufiji, ilifanya vibaya zaidi: ilipigwa Malta na Afrika Kusini, na mwigizaji wa Kiingereza Ian Holm akapakwa rangi awe Mohammed. Lee Marvin na Roger Moore wanatwangana ngumi humo muda mrefu kupita kiasi. Sikurudia kuitazama.

Mwisho wa The African Queen ni utani wa maneno, na ndio pekee uliosimama kwa maneno. Wamekamatwa, wanatakiwa kunyongwa, Charlie anaomba wafungishwe ndoa kwanza. Nahodha Mjerumani, Peter Bull, anawafungisha, kisha anaamuru unyongaji uendelee. Sentensi mbili, sauti ile ile, pumzi ile ile. Angepandisha sauti kidogo, au angetua nusu sekunde kabla ya ile ya pili, utani ungekufa. Baada yake manowari inaligonga bodi la boti yao lililopinduka, likiwa bado na makombora waliyolifungia, inalipuka. Kwenye riwaya haiko hivyo. Pale kazi inamalizwa na boti za kivita za Kiingereza. Huston akaona boti iliyopigwa mateke filamu nzima ndiyo inayostahili kupiga teke la mwisho.