Usiilainishe Hiyo Katuni

Desemba nilipanda matatu kutoka Migori, nikabadilisha Rongo, nikafika Homa Bay kwa binamu yangu. Alikuwa amenunua televisheni kubwa kama mlango. Nikamwekea Yellow Fever, filamu fupi ya Ng'endo Mukii ya mwaka 2012, kuhusu wanawake na kujichubua. Hata hatujafika mbali akauliza, "Bro, mbona hii kitu inakwama?"

Haikuwa bando. Mukii amechanganya michoro na piksilesheni: mtu halisi anapigwa picha, anasogea kidogo, anapigwa nyingine. Zikiunganishwa, mwili unashtuka badala ya kuteleza. Sinema huenda fremu 24 kwa sekunde, na wachoraji wengi huchora 12 tu, kila mchoro ukikaa fremu mbili. Kwa kawaida jicho linaziba pengo, maisha yanaendelea. Hapa pengo limeachwa wazi makusudi. Unamwona mtu ambaye hajatulia ndani ya ngozi yake, na hakuna aliyekueleza kwa maneno.

Binamu akachukua rimoti, akawasha ile kitu ya kulainisha mwendo. Televisheni ikaanza kubuni fremu za katikati ambazo Mukii hakuzipiga. Wale wanawake wakateleza kama wako kwenye tangazo la losheni. Yaani filamu ya kujichubua, nayo ikachubuliwa.

Nikamkumbusha Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018, ambayo anaipenda. Miles akijifunza kubembea pale msituni, amechorwa kwa 12, Peter kwa 24. Ugeni wake uko kwenye hesabu. Akanyamaza, ingawa si kwa kukubali.

Sisemi kila kukwama ni sanaa. Kuna katuni ambazo mdomo pekee ndio unatikisika, na huo ni uvivu, ama bajeti imeisha. Lakini mimi nina deni hapa. Mwaka nilioacha chuo nilitengeneza katuni kwa simu, fremu 8 kwa sekunde, ya bibi anayeanika omena. Msee mmoja akasema inakaa ya kimaskini. Nikaifuta yote. Sikujiuliza kama mikono ya bibi ilihitaji kuteleza.

Tulishindwa kuzima ile setingi, tukamalizia kwa simu yangu yenye kioo kimepasuka. Anti akapita na sufuria, akainama kutazama.

"Huyo msichana," akauliza, "anaumwa wapi?"