Mukanda wa maboyi

Kuko maandiko moja ambayo sisi wote wenye lisansi hapa Katanga tungepashwa kuyasoma, na karibu hakuna kati yetu aliyeyasoma. Ni Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Iliandikwa mwaka 1965 na André Yav, kwa agizo la chama cha wale waliokuwa maboyi, ni kusema watumishi wa nyumba za Wazungu. Kurasa 30 na kitu tu, zilizopigwa kwa mashini, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Mwaka uliofuata Elisabethville ikaitwa Lubumbashi, na Jadotville yetu ikawa Likasi. Jina la mji lilikufa, mukanda ukabakia.

Jina la mukanda linadanganya: si kamusi. Ni historia ya mji na ya watu waliopika, waliofua, waliolea watoto wa Wazungu. Yav anaandika mishahara, chakula, majina ya utani ambayo watu walipatia wakubwa wao.

Niseme kwanza ubaya wake. Maneno yameshikamana, alama za kupumzika ni chache, miaka na mambo ya wakubwa mara nyingine vinachanganyika. Ni sauti ya wanaume. Mwalimu wangu wa shule ya msingi angeijaza wino mwekundu tangu mustari wa kwanza. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mu miaka ya 1970, alipotaka kuyatafsiri, macho peke hayakutosha. Ikafaa Kalundi Mango ayasome kwa sauti, njo maana ikafunguka. Kitabu kilichotoka kwa kazi ile, Amsterdam mwaka 1990, kinayaweka maandiko pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kichwa chake maana yake ni “Historia kutoka chini”.

Hapo minapenda kubishana kidogo na Fabian. Chini ya nani? Boyi hakuwa chini, alikuwa ndani. Alijua Muzungu anakula nini, anagombana na bibi yake juu ya nini, analipa ngapi na anakata ngapi. Vitabu vya kampuni vinatuambia tani za shaba zilizotoka. Nani angetuambia posho ya boyi ilikuwa nini, kama si boyi?

Na angalia kitu kingine. Wazee wale wangeweza kusimulia tu, jioni, kwa wajukuu wao. Walijua kusimulia kutushinda. Lakini walikaa, wakaamua kama mambo yao iandikwe, ipigwe kwa mashini, ifike kwa watu wasiowajua. Babu yangu mzaa mama naye alikuwa boyi hapa Jadotville. Alisimulia sana, wanasema. Kwangu mi kumebakia foto moja, na hata nyuma ya foto hakuna kitu kilichoandikwa.

Mtu ataniambia: tuko na Mudimbe. Ndiyo. Mtoto wa hapa, aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941 na kufariki Marekani mwaka 2025. Kitabu chake cha mwaka 1988 kinauliza ile Afrika tunayoisoma mu vitabu ilitungwa na nani, na vyuo vya dunia nzima bado vinajibu. Minamuheshimu sana. Lakini aliandika kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na jirani wa mama yangu hatamusoma hata siku moja. Yav alichagua luga ya jikoni. Sisi tuliosoma, tukitaka kuandika kintu cha maana, tunakimbilia Kifaransa. Kiswahili tunakiachia ujumbe wa simu na matangazo ya matanga.

Mi siko safi mu jambo hili. Kazi yangu ya kumaliza masomo ilikuwa juu ya mbolea ya mahindi, kwa Kifaransa kizuri, na jedwali zake. Kiisha nikatengeneza fishi ya ukurasa moja kwa walimaji wa upande wa Kapolowe, pia kwa Kifaransa. Ningeona haya kuandika “mu shamba”, na “katika shamba” hakuna mtu anasema kwetu. Niliporudi miezi michache nyuma, niliuziwa karanga, na karanga zilikuwa zimefungwa ndani ya fishi yangu. Jedwali ilikuwa inaonekana vizuri kabisa.

Siku ile ile mama mumoja alinionyesha kaye yake. Alikuwa ameandika yale niliyosema kwa mdomo: mbolea kofia moja ya chupa, isiguse mbegu, funika na udongo. Maneno yameshikamana toka mwanzo mpaka mwisho, sawa vile kwa Yav. Mi nilisimama kwa mustari wa pili, sikuweza kuendelea. Binti wa jirani akaichukua, akaisoma kwa sauti, na wanawake wote waliokaa pale wakaelewa. Walikuwa wanaitumia kaye ile tangu msimu uliopita.

Nilimusoma Yav nyuma ya siku ile, na minakubali kama bila kaye ile ningemucheka. Maandiko yake yanapatikana bure kwa intaneti, na mwenye haraka ayasome kwa sauti, hata akiwa peke yake mu chumba.

Mwaka huu niliandika fishi mupya, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Mbele ya kuipeleka kwa mashini, nilimupa yule mama aisome. Alisimama mara tatu. Fasi mbili nilikuwa nimeweka Kiswahili cha redio ya Tanzania, ambacho hata mi mwenyewe sisemi nyumbani; nikafuta. Fasi ya tatu aliweka kidole.

— Mwanangu, umeandika tupande mvua ikishakaza. Mvua ya ngapi?

Sikuwa nimeandika. Akachukua biki yangu, akajaza mwenyewe: mvua ya tatu.