Kabla ya Kuzidisha

Kanuni ya kuhesabu ni fupi mno, na ufupi huo ndio unaowaponza walimu. Kama jambo la kwanza lina njia m na la pili lina njia n, yote mawili kwa pamoja yana njia m × n. Mwalimu mwenye haraka anaimaliza kwa dakika tano. Wanafunzi wananakili, wanapewa maswali kumi, wanazidisha kila namba wanayoiona na kupata vema zote. Baada ya wiki mbili waulize swali lilelile kwa sura nyingine: huyu anajumlisha, yule anagawanya, mwingine anachungulia daftari la jirani.

Mwalimu anayeijua kazi yake huanza kwa mama ntilie. Leo kuna wali, ugali na ndizi. Vitoweo ni maharage, nyama, samaki na dagaa. Vinywaji ni maji na soda. Kila mteja anachagua chakula kimoja, kitoweo kimoja na kinywaji kimoja. Je, wateja wangapi wanaweza kula bila wawili kufanana mlo? Kidato cha Pili kitajibu kwa sauti moja: tisa! Wamejumlisha. Mwalimu hasemi ndiyo wala siyo, anawapa chaki tu waje kuandika.

Orodha ya kwanza huwa inarukaruka. Wali samaki soda, ndizi nyama maji, ugali maharage soda, tena wali. Tisa inapitwa upesi na kelele zinaanza. Mmoja anaishia 19, mwingine 21, wa tatu ana 26 kwa kuwa kuna milo aliyoirudia bila kujua. (Sekondari za Tanzania hufundisha hisabati kwa Kiingereza, lakini ubishi huu wa ubaoni huwa Kiswahili kitupu, na mimi sijaona sababu ya kuuzima.) Ndipo mwalimu anauliza swali lake la pekee: utajuaje kwamba umemaliza?

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Hapo atatokea mtoto atakayeushika wali asiuachie. Wali maharage maji, wali maharage soda, wali nyama maji, wali nyama soda, anashuka hivyo mpaka dagaa. Mistari minane. Anaandika neno "ugali", kisha chaki inasimama. "Mwalimu, ugali nao si utakuwa hivihivi? Na ndizi pia." Minane mara tatu, 24. Hakuna aliyemwambia azidishe. Amechoka kuandika kitu kilekile, na kwa kuwa ameandika kwa utaratibu, ameona kinachojirudia. Baada ya hapo mchoro wa mti unachorwa kwa dakika mbili na kila mmoja anajua kwa nini una matawi.

Ufundi mwingine ni kuiharibu kanuni mapema, kabla haijageuka mazoea. Mama ntilie akisema ndizi hapiki kwa dagaa, 3 × 4 × 2 haifai tena. Tawi moja limekatwa, na milo inabaki 22. Halafu mchague kiranja na msaidizi wake kutoka wanafunzi watano. Waliobaki kwa nafasi ya pili wanategemea nani amechukua ya kwanza, lakini daima ni wanne, kwa hiyo 5 × 4 inakubalika na jibu ni 20. Lakini ukiwataka wawili wa kufagia darasa, kila jozi umeihesabu mara mbili, na jibu linashuka hadi 10. Mifano hii mitatu ina thamani kuliko kurasa nzima za mazoezi yanayofanana. Wapo wanaowafundisha watoto kwamba wakiona "na" wazidishe, wakiona "au" wajumlishe. Ni njia ya mkato ya kupata alama, nami siipendi, maana mtoto anafundishwa kuwinda maneno badala ya kulifikiria jambo.

Ukishafika hapo, simu iliyo mfukoni inatosha kuwa kitabu. Namba ya siri yenye tarakimu nne ina njia 10,000. Zisizorudia tarakimu hata moja ni 10 × 9 × 8 × 7, yaani 5,040. Waulize wakadirie kwanza, na wengi watadhani zinazorudia ni chache. Kumbe ni 4,960, karibu nusu ya zote. Watabisha, na ubishi huo usiukate.

Kanuni hii imefanya kazi kubwa kuliko mitihani. Katika karne ya 8, al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyeishi na kufundisha Basra, alitaka kamusi ambayo haitaacha neno la Kiarabu. Hakungoja maneno yamjie. Alihesabu herufi tatu zinaweza kupangwa kwa njia 6, nne kwa 24, tano kwa 120, kisha akapekua mipangilio hiyo kutenga yenye kutumika na isiyotumika. Kitabu hicho ni Kitab al-Ayn. Ni yuleyule aliyeweka misingi ya elimu ya aruzi, mizani ya ushairi wa Kiarabu. Swali lake lilikuwa lilelile la yule mtoto wa ubaoni: nitajuaje kwamba nimemaliza?

Naye Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alichapisha mfumo wake mwaka 1829. Kila alama ina nafasi sita, na kila nafasi ama ina nukta ama haina. Mbili sita zikizidishwa pamoja, 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, zinatoa 64. Ukiondoa ile tupu, zinabaki 63, zinazotosha kwa herufi, vituo na mengine mengi, na zote zinaenea chini ya ncha ya kidole.

Mwalimu mwenzangu, najua muhtasari ni mrefu na mkuu wa idara anauliza umefikia mada gani. Hata hivyo, kama ratiba imekupa vipindi viwili kwa somo hili, kimoja kizima waachie waorodheshe, na alama ya kuzidisha usiiandike wewe.