Ulinzi wa Philidor katika mchezo wa Paris, 1858

Ulinzi wa Philidor ni ufunguzi wa sataranji ambapo, baada ya 1. e4 e5 2. farasi f3, Nyeusi huikinga e5 kwa kusogeza askari d6. Umepewa jina la François-André Danican Philidor, mtunzi wa opera wa Ufaransa aliyechapisha kitabu cha sataranji mwaka 1749. E5 huimarika, lakini askofu wa f8 huzibwa njia. Udhaifu huo ulionekana mwaka 1858 katika jumba la opera la Paris, Mmarekani Paul Morphy alipocheza na wachezaji wawili wa ridhaa walioshauriana: Duke wa Brunswick na Count Isouard.

Kosa la kwanza lilikuja hatua ya 3. Morphy alisukuma askari d4. Nyeusi ikapeleka askofu g4 kumbana farasi. Morphy akala e5. Kama Nyeusi ingemla askari huyo papo hapo, malkia wangelana kwenye d8, kisha farasi angechukua e5 bure. Ikabidi askofu amle farasi, naye malkia wa Nyeupe akamla askofu.

Hatua ya 7 malkia huyo alihamia b3, akitishia f7 na b7 kwa pamoja. Nyeusi ilikinga f7 kwa malkia e7, ikazidi kumziba askofu wake. Kula b7 kungempa Morphy askari mmoja, lakini malkia mweusi angeshuka b4 na kulazimisha malkia wabadilishane. Akaona heri aingize farasi c3.

Nyeusi iliposukuma b5, Morphy alitoa farasi kwa askari wawili. Mfalme mweusi akabaki katikati bila kinga. Ngome ya kwanza ikajitoa kwenye d7, ya pili ikashika d1, askofu akala d7. Farasi wa f6 alipomla askofu huyo, aliufungua mstari wa askofu wa pili wa Morphy, aliyekuwa g5. Hapo Morphy akamtoa malkia b8. Farasi hakuwa na budi kumla, na ngome ikatua d8. Askofu wa g5 aliilinda ngome na kuifunga e7. Mfalme akakosa pa kukimbilia. Ilikuwa hatua ya 17.

Kila kete kubwa ya Nyeupe ilikuwa imeshiriki. Askofu wa f8 na ngome ya h8 hawakuwa wamesogea hata mara moja.